Asali, Hamira na Chupa: Kupima na Kungoja

Somo la toleo hili limetokana na swali ambalo vikundi vya nyuki hutuuliza mara kwa mara, upande wa Mwingi na hata kule Kibwezi: "Wakati wa msimu tunauza asali kwa bei ya kutupa. Mbona tusitengeneze kinywaji, tukitie kwenye chupa, tukiuze bei nzuri kama ile divai ya povu ya watu wa ng'ambo?"

Swali ni zuri, lakini jibu lake lina hatari ndani, kwa hivyo tulichukue polepole. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Na tuelewane mapema: hatuandiki haya ili kumfundisha mtu ulevi. Tunazijua nyumba ambazo pombe imezivunja. Tunaandika kwa sababu anayeelewa kazi ya hamira hapotezi mali yake wala jicho lake.

1. Hamira hufanya nini?

Akina mama wanaopika mandazi wanaijua hamira. Ukiitia kwenye unga, unga unafura. Unafura kwa nini? Hamira ni viumbe hai vidogo sana. Mfaransa mmoja, Louis Pasteur, ndiye aliyethibitisha jambo hilo katika miaka ya 1850 na 1860. Viumbe hawa hula sukari na kutoa vitu viwili: pombe na gesi. Sukari ikiisha kuliwa, karibu nusu ya uzito wake imekuwa pombe, na nusu nyingine imekuwa gesi. Gesi ndiyo inayofurisha unga. Gesi hiyo hiyo ndiyo povu la kinywaji.

2. Wazee wetu walifanyaje?

Ukambani kinywaji cha asali ni kaluvu. Wazee walichanganya asali ya mwatu na maji, wakatia tunda la muatine, yaani mvungunya. Tunda hilo likiwa bichi si la kuliwa, lina sumu. Lilipasuliwa, likatayarishwa na kukaushwa, na nyuzi zake zikawa makao ya hamira. Lilitumika tena na tena, kama mama anayeweka maziwa kidogo ya mgando ili agandishe mengine kesho.

Kibuyu kiliwekwa mahali penye joto, karibu na meko. Sasa angalieni jambo moja: mdomo wa kibuyu haukuzibwa kabisa. Gesi ilipata njia ya kutoka. Na kinywaji chenyewe kilikuwa na siku yake na watu wake. Kilikuwa cha wazee, cha mambo ya mahari, cha ithembo. Hakikuwa cha kila jioni wala cha vijana.

3. Familia za divai ya povu

Ile divai ya bei kubwa huanza kama divai ya kawaida ya zabibu, isiyo na povu. Halafu mwenye shamba huitia sukari kidogo aliyoipima na hamira mpya, huijaza kwenye chupa nene, na huifunga kwa kifuniko cha bati kama cha soda. Hamira inakula ile sukari ndani ya chupa. Gesi haina pa kutokea, inabaki ndani ya divai.

Kisha chupa hulazwa kwenye ghala la baridi chini ya ardhi. Huko Champagne, Ufaransa, sheria inataka divai ikae miezi 15 au zaidi tangu kutiwa kwenye chupa. Baadaye chupa huinamishwa shingo chini, ikizungushwa kidogo kidogo kila siku kwa wiki kadhaa, mpaka machicha ya hamira yateremke shingoni. Shingo hugandishwa kwa baridi kali, kifuniko hutolewa, na gesi yenyewe hurusha nje yale machicha. Ndipo hutiwa kizibo na kufungwa kwa waya.

Njia ya kuteremsha machicha ilibuniwa katika nyumba ya mjane mmoja, Barbe-Nicole Clicquot. Mumewe alifariki mwaka 1805, yeye akiwa na umri wa miaka 27. Hakuuza biashara, aliiendesha mwenyewe. Yapata mwaka 1816 walianza kuzipanga chupa kwenye meza yenye matundu, shingo zikitazama chini. Vikundi vya akina mama, hilo mlitie moyoni.

Katika Afrika pia iko familia iliyofanya kazi hii: akina Malan wa shamba la Simonsig, karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini. Mwaka 1971 mzee Frans Malan alitengeneza divai ya povu ya kwanza ya nchi hiyo kwa njia hii ya chupa. Wengine wakafuata. Jina "Champagne" ni la Wafaransa, hivyo mwaka 1992 wenye mashamba wakakusanyika, wakakubaliana jina lao, Cap Classique, na masharti ambayo kila mmoja atayafuata. Tutarudi kwa jambo hilo.

4. Hesabu ya sukari

Hapa ndipo pa kusikiliza sana. Sukari inayotiwa kwenye ile divai ni gramu 24 hivi kwa kila lita. Kwa chupa ya kawaida ya mililita 750 ni gramu 18, kama vijiko vinne vya chai. Ni hiyo tu! Lakini inaleta nguvu ndani ya chupa kama mara tatu ya upepo wa gurudumu la gari dogo. Ndiyo maana chupa tupu ya Champagne ina uzito wa zaidi ya gramu 800.

Hata hivyo, zamani kabla watu hawajajua kupima sukari, chupa zilipasuka ghalani kwa wingi, na wafanyakazi walivaa vinyago vya chuma usoni. Hasara ilianza kupungua katika miaka ya 1830, wakati mtaalamu wa dawa aliyeitwa François alipoonyesha namna ya kupima.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Mtu akichanganya kilo 1 ya asali na lita 3 za maji, kila lita ya mchanganyiko ina gramu 200 za sukari au zaidi. Tuseme hamira imekula nusu tu, naye akafunga chupa kwa nguvu. Zimebaki gramu 100 hivi kwa lita. Hiyo ni mara nne ya ile ya Wafaransa, na yeye ametumia chupa nyepesi aliyookota sokoni! Chupa hiyo ni bomu juu ya rafu, na watoto wanapita hapo chini.

Basi kanuni ni hii: kitu chochote kinachochacha, iwe ni asali na maji au maji ya maembe, kisifungwe kwenye chupa ya glasi.

5. Sheria na sumu

Tangu mwaka 2010 Kenya ina sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho. Kutengeneza pombe ya kuuza au kuiuza bila leseni ni kosa. "Ni ya kienyeji tu" si jibu mbele ya hakimu.

Tena kuna sumu. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu, Kitui na kwingine kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Sumu ile haikutoka kwa asali wala kwa muatine. Ilitoka kwa mtu aliyetaka pesa za haraka, akaongeza kitu ambacho hakikupimwa. Hakukuwa na kupima, hakukuwa na kungoja.

6. Jibu letu kwa vikundi

Je, kikundi kitengeneze divai ya povu? Tunasema hapana. Chupa, ghala la baridi na leseni ni gharama, na pesa zenu zingelala zaidi ya mwaka mzima. Januari ikifika karo ya shule haingoji. Wale wenye mashamba huwa na divai nyingine ya kuuza wakati hiyo imelala.

Lakini kupima na kungoja kunaweza kuletwa kwenye asali yenyewe.

- Ngojeni asali iive. Vuneni masega ambayo nyuki wameyafunika kwa nta angalau robo tatu. Sega lililo wazi lina maji mengi.

- Pimeni maji. Kiwango cha kimataifa hakiruhusu zaidi ya asilimia 20 ya maji. Ikizidi hapo hamira huamka, asali inachacha ndani ya debe, na mnunuzi anairudisha. Kipimo cha kushika mkononi kinaweza kununuliwa na vikundi kadhaa kwa pamoja.

- Msiongeze kitu. Wala maji, wala sukari, wala asali ya mwaka jana.

- Msitupe nta. Iyeyusheni, muichuje, muiuze kando.

- Kubalianeni. Mwethya mmoja hauna sauti sokoni. Vikundi vitano vyenye kipimo kimoja na jina moja vina sauti, kama wale wa 1992.

Maswali ya kujadili

1. Msimu uliopita, ni nani alivuna kabla asali haijaiva, na ni shida gani iliyomsukuma? Kikundi kingeweza kumsaidiaje angoje?
2. Ni vikundi gani jirani tunavyoweza kukubaliana navyo kuhusu kipimo kimoja?
3. Nyumbani kwetu kuna chupa zilizofungwa zenye kitu kinachochacha? Leo jioni, kabla ya kulala, zitolewe mahali watoto wanapofika. Funikeni kila chupa kwa gunia zito lililoloweshwa maji, geuzeni uso pembeni, ndipo mlegeze kifuniko polepole.