Hesabu ya Pointi na Nafasi ya Chuo Kikuu

Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatangazwapo, mwanafunzi wa Nyamilangano, katika Halmashauri ya Ushetu, huweza kuingiza alama zake katika kikokotoo cha intaneti ili ajue kama atapata chuo. Jibu huja upesi, na ada ya maombi, ambayo pengine imetokana na tumbaku iliyouzwa nyumbani, hulipwa kwa kulitegemea. Yafaa basi hesabu iliyomo ieleweke.

Kwanza, kila herufi ya matokeo ina thamani mbili. Baraza la Mitihani la Tanzania, katika kupanga madaraja, huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4 na E 5. Jumla ndogo ndiyo bora. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu kinyume: A 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, jumla kubwa ndiyo bora.

Mathalani, mwanafunzi amepata C ya Kemia, D ya Biolojia na E ya Fizikia. Kwa Baraza ana 3 + 4 + 5 = 12, yaani Daraja la Pili. Kwa Tume ana 3 + 2 + 1 = 6. Thamani mbili za kila herufi zikijumlishwa hutoa 6. Kwa hiyo masomo matatu hutoa 18. Kikokotoo kinachochanganya hesabu hizi mbili hugunduliwa kwa njia hiyo.

Pili, kwa waliohitimu tangu mwaka 2016, sharti la chini la kuingia shahada ya kwanza kwa sifa za Kidato cha Sita ni pointi 4 katika masomo mawili yanayohusika na programu. Mwanafunzi huyu ana 5 katika Kemia na Biolojia, amelitimiza. Hata hivyo, programu nyingine hudai zaidi. Udaktari wa binadamu huhitaji masomo yote matatu, na E moja yaweza kumzuia. Masharti hayo, pamoja na idadi ya nafasi, hutolewa katika kitabu cha mwongozo cha Tume.

Tatu, kustahili si kuchaguliwa. Ichukuliwe kwamba programu ina nafasi 50 na waombaji 400 wanaostahili. Si kweli kwamba kila mmoja ana nafasi moja katika nane, kwa kuwa uteuzi wa kushindanisha alama si bahati nasibu: wa 10 huingia, wa 51 hubaki nje. Kikokotoo kisichojua alama za waombaji wengine huweza kupima sifa tu. Asilimia kinayotoa ni makisio.

Kwa hiyo mwombaji mwenye busara hasimami katika foleni moja. Huchagua programu anayoitamani, nyingine inayolingana na alama zake, na ya tatu yenye nafasi nyingi kuliko washindani.

Zoezi: Mwanafunzi ana B, D na D. Tafuta jumla zake mbili, kisha uhakikishe kuwa zikijumlishwa hutoa 18.