Jinsi ya Kukagua Sheria Ndogo ya Uingereza

Nchini Uingereza, mamlaka ya waziri ya kutunga sheria ndogo ni ya kuazima. Mwenye nayo ni Bunge. Kukagua ni kuuliza, hatua baada ya hatua, kama waziri alibaki ndani ya mipaka ya alichoazimwa. Fuata hatua hizi 7 kwa mpangilio wake. Usiruke hata moja, kwa sababu kila moja hunasa kasoro ambayo nyingine huipitisha.

Istilahi

- Sheria mama: sheria iliyopitishwa na Bunge, inayompa waziri mamlaka.
- Sheria ndogo: hati anayoitunga waziri kwa mamlaka hayo. Utaratibu wake umo katika sheria ya Bunge ya mwaka 1946 kuhusu hati hizo, ambayo humu inaitwa Sheria ya 1946.
- Mabaraza: Baraza la Makabwela (wabunge waliochaguliwa) na Baraza la Malodi (wasiochaguliwa).

Vifaa

Nakala ya sheria ndogo na ya sheria mama (zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya legislation.gov.uk), kalenda ya vikao vya Bunge, daftari na kalamu.

Hatua

1. Andika mwaka na namba ya sheria ndogo. Mfano wetu ni Na. 1893 ya 2013, iliyoweka ada katika mahakama za kazi. Aliyefukuzwa kazi isivyo haki alitakiwa kulipa pauni 250 kufungua kesi na pauni 950 ili isikilizwe. *Hakiki:* mwaka na namba vinalingana na vilivyo kwenye nakala.

2. Soma utangulizi, kisha pigia mstari kifungu cha sheria mama kilichotajwa. Katika mfano wetu ni kifungu cha 42 cha sheria ya mahakama ya mwaka 2007. Kifungue ukisome chote. *Hakiki:* kifungu kinampa mamlaka mwenye cheo kilekile kilichotajwa kwenye saini.

3. Orodhesha masharti ya kifungu: mambo yanayoruhusiwa, watu wa kushauriwa, na idhini zinazotakiwa. Katika kesi ya Aylesbury Mushrooms ya 1972, barua ya kuomba maoni kuhusu agizo la waziri ilitumwa lakini haikukifikia chama cha wakulima wa uyoga. Mahakama ikaamua kwamba wakulima hao hawafungwi na agizo hilo. *Hakiki:* kila sharti lina ushahidi wa kutimizwa. Kutuma barua peke yake si ushahidi wa kutosha.

4. Tambua njia ya bungeni iliyotajwa na sheria mama. Katika *njia ya idhini*, kwa kawaida mabaraza yote mawili hupiga kura kuikubali rasimu kabla sheria ndogo haijatungwa. Katika *njia ya kimya*, sheria ndogo hubaki isipokuwa baraza mojawapo liazimie kuibatilisha ndani ya siku 40. Nyingine huwasilishwa tu, bila kura. Kwa njia yoyote, Bunge haliwezi kubadili neno, ila pale sheria mama inaporuhusu. *Hakiki:* njia iliyotumika ndiyo iliyoamriwa.

5. Hesabu siku, ikiwa njia ni ya kimya. Siku ya kuwasilishwa ni siku ya 1. Usihesabu siku ambazo Bunge limevunjwa, muhula wake umefungwa, au mabaraza yote mawili yameahirishwa kwa zaidi ya siku 4. Kisha hesabu kando siku 21 kati ya kuwasilishwa na kuanza kutumika. Siku 40 zinatokana na Sheria ya 1946. Siku 21 ni desturi. *Hakiki:* rudia hesabu zote mbili.

6. Tafuta ripoti za kamati. Kamati ya pamoja ina wajumbe 14, 7 kutoka kila baraza. Huchunguza mamlaka na uandishi, haigusi sera. Sera huchunguzwa na kamati ya Malodi. Ripoti ni onyo, haifuti kitu. Wala usitegemee sana kura: Baraza la Makabwela lilibatilisha sheria ndogo kwa njia ya kimya mara ya mwisho mwaka 1979, na ilihusu bei ya mafuta ya taa. *Hakiki:* umenakili kila onyo.

7. Peleka mahakamani kasoro uliyoithibitisha. Katika England na Wales, omba Mahakama Kuu ifanye mapitio. Mwombaji awe na maslahi ya kutosha, kisha apate ruhusa ya Mahakama. Fungua ombi bila kuchelewa, na kwa vyovyote ndani ya miezi 3 tangu sababu ilipojitokeza. *Hakiki:* tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye kalenda kabla hujaandika hoja.

Hakiki ya mwisho

Andika jibu moja kwa kila hatua. Penye pengo, rudi hapo. Na usiridhike na muhuri wa Bunge: Na. 1893 ilikubaliwa na mabaraza yote mawili, ikaanza kutumika tarehe 29 Julai 2013. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kiliipinga. Tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ada hizo ziliwazuia watu kuifikia haki, na kwamba kifungu cha 42 hakikumpa waziri uwezo huo. Sheria ndogo ikafutwa, ikahesabiwa haramu tangu siku ilipotungwa.