Kasi ya Kibandiko na Kasi ya Diski

Ingia duka lolote la kompyuta kuukuu, liwe la Makutano pale Meru au la katikati ya mji wa Embu, uulize kuhusu diski. Muuzaji atakuonyesha kibandiko: SATA 6Gb/s. "Hii ni giga sita kwa sekunde." Mwanafunzi wa Nchiru mwenye pesa za kuhesabu huongeza elfu moja au mbili kwa ajili ya maneno hayo.

Tazama hiyo b ndogo. Inasimamia biti, si baiti. Baiti ina biti nane, lakini SATA hutumia biti kumi kusafirisha kila baiti, basi gawanya kwa kumi: 6Gb/s ni megabaiti 600 kwa sekunde, 3Gb/s ni 300, na 1.5Gb/s ya zamani ni 150. Tena hizo 600 ni uwezo wa kontrola, yaani chipu inayoendesha mlango wa diski, na waya wake. Diski ni habari nyingine. Mkulima wa Imenti anayevuta maji kutoka mlimani hahitaji somo hili: bomba la inchi sita haliongezi maji ya chemchemi ndogo.

Diski ya sahani ya laptopu, ile ya mizunguko 5400 kwa dakika, hutoa megabaiti 80 hadi 130 hivi kwa sekunde. Ya mezani ya mizunguko 7200 hufika 150 hadi 200 na zaidi kidogo. Hapo inasoma faili moja kubwa mfululizo, kwenye ukingo wa nje wa sahani; ikikaribia katikati, kasi hushuka karibu nusu. Kwa hiyo hata mlango wa 300 haiujazi.

Lakini kinachowachosha watu si faili kubwa. Windows ikiwaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Kwa kila kipande, kichwa cha diski huhama, kisha hungoja sahani ilete mahali panapotakiwa. Kwa mizunguko 5400, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, kwa hiyo kungoja peke yake ni wastani wa 5.5; kuhama huongeza kumi na kitu. Jumla ni vipande kama 60 kwa sekunde. Kila kimoja kikiwa kilobaiti 4, umepata robo tu ya megabaiti. Ndiyo maana saiba yenye foleni ya ritani za kodi za KRA tarehe 30 Juni hugoma huku kontrola ikiwa imelala.

Kabla ya kununua chochote, pima. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure. Tafuta mstari wa "Transfer Mode". Thamani ya kwanza ni kasi iliyopo sasa, ya pili ni ile ambayo diski inaiweza. Ukiona SATA/300 kisha SATA/600, diski imechomekwa kwenye tundu la polepole, au ubao mama ni wa zamani, au waya una kasoro. Halafu endesha CrystalDiskMark: mstari wa juu ni faili kubwa, wa chini kabisa ni vipande vidogo. Mimi huanza na wa chini. Kwenye Linux tumia hdparm -t. Ukionyeshwa matokeo ya -T yenye maelfu ya megabaiti, umeonyeshwa kasi ya RAM.

Mashine ya 2010 yenye SATA 300? Weka SSD, diski isiyo na sahani, bila kusita. Itaishia 270 hivi badala ya 550, lakini vipande vidogo vitapanda kutoka chini ya megabaiti moja hadi 20 au zaidi, na hapo ndipo utakapoona tofauti. Kadi ya kuongeza kontrola achana nayo. Kwenye kompyuta za mezani za Intel za 2011, matundu ya 600 kwa kawaida ni mawili tu: SSD ikae hapo, diski ya sahani na kisomea DVD vihamie kwenye ya 300. Havitapoteza kitu.

Kuna mahali mlango ndio kikwazo kweli: USB. Mpiga picha wa harusi anayehamisha gigabaiti 64 kwenye diski ya nje kupitia USB 2.0, inayotoa megabaiti 35 hivi, atakaa nusu saa. Achomeke kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi la bluu, na kama kadi ya kamera yake si ya polepole atamaliza kwa dakika kumi na kidogo.

Na mwenye duka la jumla anayetaka diski "ya kasi" kwa kamera zake za CCTV? Kamera nane za megabiti 4 kila moja huandika megabaiti 4 tu kwa sekunde. Diski yoyote inaweza. Lakini hizo ni kama gigabaiti 345 kwa siku, yaani terabaiti moja hujaa kabla ya siku tatu kwisha. Pesa za kasi azitie kwenye ukubwa, na anunue diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, inayostahimili kuandika usiku na mchana.