Funga Daftari Kwanza

Kila Januari napokea kidato cha kwanza, na najipa kazi ya kuyajua majina yao yote kabla mwezi haujaisha. Mwanafunzi anayeitwa kwa jina lake hutulia darasani kuliko anayeitwa "wewe wa nyuma". Wenzangu huniuliza natumia dawa gani. Hakuna dawa, kuna utaratibu tu.

Kwanza, kusikia. Majina mengi hatuyasahau. Hatukuyasikia tangu mwanzo, maana mawazo yalikuwa kwingine. Mtoto akijitaja, nalirudia jina pale pale kwa sauti, kisha namuuliza kapewa na nani. "La bibi mzaa baba, mwalimu." Basi, limeshapata pa kushika.

Halafu nafunga daftari la mahudhurio, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukisoma orodha mara kumi utadhani umeijua, kumbe macho tu ndiyo yameizoea. Napita kati ya madawati, namtazama mtoto usoni, nalitafuta jina lake kichwani kabla ya kuchungulia. Kule kukwama, jina liko karibu na halitoki, ndiko kunakolikaza. Waliopita madrasa wanalijua hili: ustadhi hakuachii mpaka ufunge msahafu na usome kwa ghibu.

Kisha naacha muda upite. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na kitabu chake cha 1885 kilionyesha kuwa tunasahau kwa kasi saa za mwanzo, baadaye kasi hupungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa hiyo narudia jioni, kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Na nalala vya kutosha. Ubongo hupanga mambo usingizini.

Kwa kukumbuka vitu vya kununua sokoni natumia nyumba yangu, kwa mawazo tu. Mlangoni namwaga nyanya, kwenye kochi nalaza mkungu wa ndizi, kitandani sabuni inafura povu. Nikifika sokoni naizunguka nyumba kichwani. Njia hii ni ya kale, na wa kale waliihusisha na mshairi wa Kigiriki Simonides. Ila saa za dawa na tarehe za ada ziandike. Hayo si ya kubahatisha.

Jioni ya leo weka simu mbali, uandike kwa kichwa namba za watu watatu wa nyumbani kwako. Ukikwama, usiharakishe kuchungulia.