Somo la Kikundi: Bajeti Nayo Ina Majira Yake



Somo hili lisomwe pamoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Likichukua vikao viwili, si neno.

TUANZE NA KISA

Mwaka mmoja mto Tana ulifurika, vijiji kadhaa vya upande wa Garsen vikabaki kama visiwa. Mama mmoja akashikwa na uchungu usiku. Mtumbwi ulipatikana, lakini zahanati ilikuwa imezingirwa na maji, muuguzi hawezi kufika, na dawa zilikuwa zimekwisha. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Baada ya matanga tulikaa na kikundi, tukaandika barua. Tuliomba vitu viwili tu: boti ya kubebea wagonjwa, na akiba ya dawa iletwe kabla ya mvua. Barua tukaipeleka mwezi wa Julai. Afisa alitupokea vizuri, akasoma, kisha akasema, "Mmechelewa. Pesa za mwaka huu zishagawanywa."

Tulirudi tumenuna, tukailaumu serikali njia nzima. Lakini tukubali, kosa jingine lilikuwa letu. Hakuna hata mmoja wetu, sisi tuliosoma tukiwemo, aliyejua pesa hugawanywa lini.

TUTAFAKARI

Mpokomo anajua kwamba maji yakishuka ndipo apande mpunga. Mworma anajua ni mwezi gani ng'ombe washuke deltani na mwezi gani waondoke. Hakuna anayepanda wakati wenzake wanavuna, halafu akalia njaa. Basi bajeti nayo ni vivyo hivyo. Ina majira yake.

NI HAKI, SI HISANI

Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya afya bora kabisa inayoweza kupatikana, na kwamba asinyimwe matibabu ya dharura. Tangu 2013 zahanati, vituo vya afya na ambulansi viko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo habari ya zahanati yako haiamuliwi Nairobi. Inaamuliwa Hola.

Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Ibara ya 37 inakupa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa wenye mamlaka. Ukiitwa kikaoni, hukufanyiwa fadhili. Na usipoitwa, unaweza kuuliza kwa nini.

TUJUE MAJIRA

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Lakini kazi huanza mapema sana:

- Kufikia Septemba 1: kaunti hupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka utakaofuata. Boti isipotajwa hapa, ni vigumu kuiingiza baadaye.
- Kufikia Februari 28: hupelekwa waraka unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani.
- Kufikia Aprili 30: makadirio yenyewe hufika bungeni. Kamati husikiliza wananchi.
- Kufikia Juni 30: bajeti huwa imepitishwa. Mlango umefungwa.

Tazameni vizuri. Aprili ndiyo masika, barabara imekatika na kila mtu anahama. Wakati ule tunapoteseka zaidi ndio wakati ambao hatuwezi kufika kikaoni. Ndiyo maana mambo yetu yaandikwe wakati wa kiangazi.

TUFANYE NINI

1. Tuhesabu kwanza. Mhudumu wa afya wa jamii na kamati ya zahanati waandike: dawa gani ziliisha, tarehe gani, wagonjwa wangapi walirudishwa. "Tunateseka" ni kilio. "Dawa za malaria zilikosekana siku kadha wa kadha" ni hoja, mradi siku zenyewe zimehesabiwa.

2. Tuulize. Sheria ya 2016 ya kupata habari inatupa haki ya kuomba rekodi za ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Kama ni jambo la uhai wa mtu, saa 48.

3. Tuombe machache. Mawili yanayoeleweka ni bora kuliko ishirini.

4. Tuungane. Tunakumbuka 2012 na mwanzo wa 2013, wakulima na wafugaji walipopigana katika delta na watu zaidi ya 100 wakafa. Kipindupindu hakikuulizi wewe ni Mpokomo, Mworma au Mwardei. Barua yenye sahihi za pande zote haiwezi kuitwa ya kabila fulani. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba.

5. Tubaki na nakala. Ipigwe muhuri na tarehe ofisini. Nakala nyingine apewe mwakilishi wadi.

Tusidanganyane: kushiriki si kupata kila tunachoomba. Mwaka wa kwanza huenda tukaambulia dawa bila boti. Lakini jambo lililoandikwa na kupokelewa lina mwenyewe, na mwaka ujao mtu ataulizwa.

MASWALI YA KUJADILI

- Mafuriko yaliyopita, ni nani hapa kijijini alikosa matibabu, na kwa sababu gani hasa?
- Kikao cha mwisho cha bajeti katika wadi yetu kilifanyika wapi? Nani alikwenda? Akina mama walisema?
- Je, nani kati yetu atatunza daftari?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya kikao kijacho, chagueni watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja. Waende zahanati, waandike kilichopo na kisichopo. Waanze wiki hii, njia ingali kavu.