Kulenga Sahani za Udongo: Mwongozo kwa Mkazi wa Birmingham Anayeanza

Mtaa wa Banbury, karibu na katikati ya Birmingham, kuna jengo ambalo kazi yake haijabadilika tangu 1813: kupima mitutu ya bunduki. Mtutu hujazwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukafyatuliwa ndani ya chumba kilichofungwa, na ukisalimika hugongwa muhuri. Bila muhuri unaotambulika, bunduki hairuhusiwi kuuzwa Uingereza. Jiji lililowalea mafundi kama Westley Richards na W. W. Greener lilijifunza mapema kwamba chombo hiki hakiaminiwi kwa maneno matupu.

Greener ndiye aliyeupa umaarufu, miaka ya 1870, ufundi wa kuubana kidogo mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike haraka. Wakati huo walengaji walikuwa bado wanapiga njiwa hai waliofunguliwa kutoka kwenye visanduku. Mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky alisajili hataza ya sahani ya udongo, na mwaka 1921 Uingereza ikapiga marufuku kabisa kuwapiga ndege waliofungiwa. Sahani ya leo, licha ya jina lake, hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Upana wake ni milimita 110, uzito kama gramu 105. Hurushwa na mashine, na mlengaji ndiye anayeiita kwa sauti: “Pull!”

Wageni wengi huanza kwa kuuliza bei ya bunduki. Swali hilo lingoje. Sheria ya Silaha ya 1968 inamruhusu mtu asiye na cheti kulenga shabaha za bandia mahali na wakati ulioidhinishwa na mkuu wa polisi, na ndiyo sababu viwanja vingi vya mashambani Staffordshire, Warwickshire na Shropshire hutoa somo la mwanzo kwa bunduki ya kiwanja. Mwalimu husimama begani kwa mwanafunzi tangu risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Masomo machache ya namna hiyo yatamwonyesha mtu kama mchezo unamfaa kabla hajatoa hata pauni moja ya kununua chombo.

Jambo la kwanza mwalimu atakalolitazama ni jicho. Anyooshe mtu mkono, aelekeze kidole cha shahada kwenye kitu cha mbali akiwa amefumbua macho yote mawili, kisha afumbe la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka pembeni, ni la kushoto. Anayeegemeza kitako cha bunduki bega la kulia huku jicho la kushoto likiongoza atakosa sahani baada ya sahani bila kujua sababu, na wengi wamekata tamaa kwa kosa ambalo lingegunduliwa kwa nusu dakika.

La pili ni kulenga mbele. Sahani inayokwenda kilomita 72 kwa saa husogea mita 20 kila sekunde. Marisau yakihitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde kuifikia, tayari imeshasogea mita 2. Anayeilenga pale ilipo, na akausimamisha mtutu anapofyatua, hupiga hewa nyuma yake. Mtutu lazima uendelee kutembea hata baada ya mlio.

Kuhusu usalama hakuna mjadala. Bunduki hubebwa imekunjwa wazi, vyumba vyake vitupu, kila mtu akiviona. Risasi haiingii hadi mlengaji awe kwenye kituo chake, mdomo wa mtutu ukielekea uwanjani. Masikio huzibwa, macho hukingwa kwa miwani, na kofia yenye ukingo huzuia vipande vinavyoanguka.

Atakayetaka bunduki yake mwenyewe ataomba cheti kwa Polisi wa West Midlands. Ada ilipandishwa Februari 2025 hadi pauni 194, na cheti hudumu miaka 5. Daktari wake atatakiwa kutoa taarifa za afya, ya akili ikiwemo, na ofisa atafika nyumbani kukagua mahali silaha itakapofungiwa. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi haruhusiwi maisha yake yote kumiliki silaha. Wa miezi 3 hadi chini ya miaka 3 husubiri miaka 5 baada ya kutoka. Kununua ni kuanzia miaka 18. Ni vyema mwombaji aseme kila kitu kwa ukweli, kwa sababu jambo lililofichwa humharibia ombi kuliko jambo lenyewe.

Mashindano yaliyosajiliwa Uingereza husimamiwa na chama cha walengaji wa sahani za udongo, CPSA, kilichoanzishwa 1928. Walengaji hupangwa kwa madaraja kufuatana na matokeo yao, hivyo mgeni wa daraja C hashindanishwi na bingwa wa AA. Aina inayofaa kuanzia ni Down the Line: vituo vitano, sahani inakimbia mbele ya mlengaji, pointi 3 kwa kuivunja kwa risasi ya kwanza na 2 kwa ya pili. Sahani 100 zikivunjwa zote kwa risasi ya kwanza, alama ni 300. Skeet huja na sahani zinazokatiza kutoka minara miwili.

Birmingham ilipoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola 2022, kulenga shabaha hakukuwemo, na mashindano mbadala yaliyopangwa Chandigarh, India, yalifutwa kwa sababu ya Uviko-19. Lakini ngazi ya Olimpiki bado iko wazi. Peter Wilson alitwaa dhahabu London 2012 akiwa amefundishwa na Ahmed Al Maktoum wa Dubai, bingwa wa Athens 2004. Paris 2024, Nathan Hales alivunja sahani 48 kati ya 50 kwenye fainali ya trap (sahani zinazokimbia mbele ya mlengaji) na kuchukua dhahabu, naye Amber Rutter akapata fedha katika skeet miezi michache tu baada ya kujifungua.

Anayekwenda kwenye shindano lake la kwanza afike mapema, abebe risasi zenye marisau yasiyozidi gramu 28, na amwambie mwamuzi kuwa ni mgeni, ili aelekezwe zamu yake kabla ya kuingia kituo cha kwanza.