SOMO LA WIKI: Kigari cha Safari na hesabu ya mwekezaji mdogo

Ukurasa huu umezoeleka kwa bei za maharage, mahindi na kahawa. Wiki hii tunaingia katika soko ambalo wasomaji wengi hawajalitilia maanani, nalo ni la vigari vya kuchezea vya zamani, vile vizito vya madini. Anayefungua marobota ya mitumba anaweza kukutana nacho kimoja siku yoyote, na huenda akakiuza kwa bei ya peremende.

Bidhaa yenyewe hutengenezwa hivi. Zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na umbo la gari likatoka na mabampa yake yote. Kwa miaka mingi Waingereza ndio waliotamba: Dinky ya Liverpool tangu 1934, Matchbox ya London tangu 1953, na Corgi iliyoanza 1956 huko Swansea. Marekani ilileta Hot Wheels mwaka 1968 na Japani ikaleta Tomica mwaka 1970. Kisha Waingereza wakaanguka karibu kwa mkupuo. Kiwanda cha Dinky kilifungwa 1979, Lesney waliomiliki Matchbox wakafilisika 1982, na Mettoy wenye Corgi wakafuata 1983. Majina hayo yalinunuliwa na wengine, lakini mali iliyotoka viwandani kabla ya hapo haiwezi kuongezeka tena. Hapo ndipo mkusanyaji anapoanza kufungua pochi.

KIGARI CHENYE JINA LETU

Kwa Afrika Mashariki mfano mzuri ni Corgi namba 256, kilichotoka mwaka 1965. Ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, nyekundu, yenye maandishi ya mashindano ya East African Safari na tairi la akiba juu ya paa. Ukilizungusha tairi hilo, magurudumu ya mbele yanapinda. Ndani ya boksi mlikuwamo pia kifaru wa plastiki, kana kwamba dereva amekutana naye njiani.

Mashindano yenyewe yalianza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda 1962, mwaka uliofuata ikashinda Peugeot 404. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda na Peugeot hiyo 1966 na 1967. Tope lilikuwa la kweli: mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu. Sifa hizo ndizo zilizouza vigari kwa watoto wa Ulaya, na watoto hao, sasa wakiwa wazee wenye pensheni, ndio wanunuzi wakubwa.

Sasa tuje kwenye bei. Uzee peke yake hauleti thamani. Matchbox vilitoka kwa mamilioni, na kilichokwaruzika hakina bei ya maana hata kama kina miaka sitini. Mkusanyaji hulipia ukamilifu. Kifaru ndiye anayepotea kwanza, maana mtoto humpeleka uani na kumsahau. Boksi ndilo linalotupwa siku ile ile ya sikukuu. Kwa hiyo kipande cha karatasi ngumu na mnyama wa plastiki vinaweza kubeba nusu ya bei au zaidi, wakati gari lenyewe liko mezani. Hili huwachekesha wachuuzi, lakini soko ndivyo linavyokwenda.

Uchache nao una nguvu yake. Mwaka 1994 gari dogo la mizigo la Dinky, lililotengenezwa kabla ya vita kwa jina la duka la Bentalls, liliuzwa mnadani Christie's kwa pauni 12,650. Habari za namna hiyo ndizo zinazowapandisha watu mori. Msomaji akumbuke kwamba gazeti haliandiki habari za vigari elfu vilivyouzwa siku hiyo hiyo kwa bei ya chakula cha mchana.

HESABU KABLA YA TAMAA

Chukua mfanyabiashara wa Muyama, kule milimani karibu na mpaka wa Burundi, mwenye akiba ya shilingi 600,000. Tuseme dalali wa mnada anagonga nyundo kwa 500,000, na mnunuzi anatozwa asilimia 20 juu yake. Akiba yote imekwisha, na usafirishaji na ushuru bado. Siku ya kuuza, tuseme dalali anakata asilimia 15 kwa muuzaji. Ili zirudi zile 600,000, nyundo lazima igonge kwenye 706,000. Yaani bei ipande asilimia 41 ndipo senti ya kwanza ya faida ionekane, na katika muda wote huo kigari hakikulipa gawio wala riba.

Fedha hiyo hiyo angeitia kwenye maharage, akayazungusha mara tatu kwa mwaka kwa faida ya asilimia 10 kila mzunguko, angefunga mwaka na takribani 798,000. Ni kweli maharage hubunguliwa, na bei hushuka wakati wa mavuno. Lakini mnunuzi wa maharage yuko Kasulu na Kigoma, mnunuzi wa Corgi yuko Uingereza.

Hata zinki huharibika. Vigari vingi vya kabla ya vita vilichanganyika na uchafu wa risasi, navyo huvimba, hupasuka na kumomonyoka vikiwa kabatini, na hakuna dawa. Wajanja nao wanapaka rangi upya, wanachapa maboksi mapya na kutengeneza vifaru vya kubandika.

Kwa maoni yangu, kununua mnadani kwa bei kamili si kazi ya mtaji mdogo. Faida iko kwa anayekipata kwa bei ya mitumba. Akipate, asikipake rangi wala kukisugua kwa msasa, maana rangi ya kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo, ni bora kuliko mpya. Akigeuze asome jina tumboni, na namba kama ipo. Boksi lililochanika alihifadhi lilivyo, bila gundi. Kisha apige picha ya juu, ya chini na ya kila upande, na alinganishe na bei ambazo vigari vya aina hiyo vimeuzwa kweli kwenye minada. Bei ambazo wauzaji wanaomba asizihesabu.